Ufa Kabla ya Ukuta: Kupima Sukari Nyumbani katika Vilima vya Kangema

Kangema ni mji mdogo wa Kaunti ya Murang'a, kwenye miteremko ya milima ya Nyandarua, ambako chai na kahawa ni tegemeo la wakazi wengi. Mkulima wa huko anayekwenda kliniki kwa sababu ya maumivu ya mgongo huenda akapimwa damu kabla ya kula na kuelezwa kwamba sukari yake ni 6.3. Hana kisukari, lakini pia hayuko salama. Anarejea nyumbani na tarakimu asiyoijua maana yake.

Hali hiyo ni ile ya kabla ya kisukari. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtu aliyelala bila kula huhesabiwa kuwa katika hali hii iwapo sukari yake ni kati ya milimoli 6.1 na 6.9 kwa lita ya damu, ikifika 7.0, hicho ni kisukari, japo mtu asiye na dalili hupimwa tena kwa uthibitisho. Kiini chake ni kwamba insulini, homoni itokayo kwenye kongosho, haiitikiwi ipasavyo na misuli na ini. Aghalabu mwili hautoi ishara yoyote. Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulibainisha kwamba karibu watu wazima 9 kati ya 10 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari.

Je, kipimo cha nyumbani chaweza kumfaa mkulima huyu? Chaweza, mradi ajue mipaka yake. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2013 kinaruhusu vifaa hivi kutofautiana na maabara kwa hadi asilimia 15. Kwa hiyo, mtu ambaye maabara ingempa 6.3 aweza kusoma nyumbani 5.5 na kujiona mzima, au 7.1 na kujiona mgonjwa. Ni dhahiri basi kwamba kifaa hiki hakitoi hukumu. Hukumu ni ya maabara.

Namna ya kupima nayo ina uzito wake. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji, kisha ikaushwe, kwa kuwa utomvu wa ndizi au embe uliosalia kidoleni huongeza sukari isiyokuwamo katika damu. Asubuhi za baridi za Julai, maji ya vuguvugu husaidia damu kushuka vidoleni. Kidole kidungwe ubavuni, ambako maumivu ni machache kuliko katikati ya ncha. Vibanzi vya kupimia navyo vihifadhiwe katika kopo lake lililofungwa, na tarehe ya mwisho wa matumizi iangaliwe.

Hata hivyo, tarakimu peke yake ni kama neno lililong'olewa katika sentensi: maana yake hutokana na muktadha. Hivyo, mpimaji aandike saa, chakula alichokula na kazi aliyofanya. Njia yenye manufaa ni kupima mara mbili kwa mlo mmoja: kabla ya kula, na saa mbili baada ya kuanza kula. Siku moja ale githeri yenye maharagwe mengi. Siku nyingine, mukimo uliojaa viazi. Siku ya tatu, mukimo uleule, kisha atembee nusu saa. Tofauti kati ya vipimo itamfunza zaidi kuliko orodha ya vyakula vilivyokatazwa. Kwa kuwa vibanzi ni ghali, siku chache za majaribio kama haya zaweza kutosha. Hapana haja ya kujidunga kila siku.

Thamani ya elimu hiyo si ndogo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watu wa hali hii waliopunguza uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, ilhali dawa ya metformini iliupunguza kwa asilimia 31.

Iwapo vipimo vya asubuhi vinafika 7.0 mara kwa mara, au kiu na haja ndogo vimezidi, mkulima arudi kliniki bila kuchelewa, na daftari lake mkononi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kipimo cha nyumbani hakizibi ufa. Kazi yake ni kumulika mahali ulipo, ili mwenye nyumba auzibe mapema.