Pikipiki Inayovuta na Kuachia Kwenye Kibao cha 50

Kati ya Moshi na Arusha vijiji vimepangana kama shanga, na kila kijiji kina kibao chake cha 50. Basi linapunguza, lori linapunguza, na mwenye pikipiki naye anapunguza, maana askari wa usalama barabarani hawako mbali. Ni hapo, gia ya tatu au ya nne, resi imeshikwa palepale bila kuongezwa wala kupunguzwa, ndipo pikipiki fulani huanza ugonjwa wake. Injini inavuta kidogo, inaachia, inavuta tena. Mkono wa dereva haujasogea hata kidogo, lakini kichwa kinanesa mbele na nyuma kama cha mtu aliyepanda ngamia. Ukishapita kijiji na kuvuta resi, ugonjwa unapotea kana kwamba haukuwepo.

Pikipiki nyingi za bodaboda haziujui ugonjwa huu, kwa sababu bado zinatumia kabureta. Huwapata wenye pikipiki kubwa za nozeli, hasa zile za silinda moja ya sisi 600 na kuendelea, ambazo wasafiri huvuka nazo bara kutoka Cairo hadi Cape Town na nyingine huishia kuuzwa njiani. Mteja wangu mmoja, daktari wa mifugo, aliipata yake hivyo. Alipoifikisha gereji alikuwa ameshabadilisha plagi, chujio la hewa na pampu ya mafuta, na pesa nyingi ilikuwa imekwenda. “Fundi,” aliniambia, “kila mtu amefungua kitu na hakuna aliyenieleza kinachotokea.” Nilimwomba aketi kwanza nimweleze, kabla sijashika spana.

Nilianza kwa kumuuliza swali moja: asubuhi, injini ikiwa ya baridi, inavutavuta? Akafikiri, akasema hapana. Dakika chache za mwanzo inakwenda laini kabisa, ikishapata moto ndipo inaanza. Jibu hilo lilikuwa nusu ya kazi.

Kwenye bomba la eksozi la pikipiki hizi kuna sensa ya oksijeni, kitu chenye umbo la plagi kilichoingiza kichwa chake ndani ya moshi. Bosch walianza kuitengeneza kwa ajili ya magari mwaka 1976, na ya kwanza kuitumia yalikuwa magari ya Volvo yaliyouzwa Marekani. Kazi yake ni kupima kama kwenye moshi kumebaki oksijeni. Ikibaki, maana yake mafuta yalikuwa machache, na sensa hutoa umeme mdogo wa karibu volti 0.1. Isipobaki, mafuta yalikuwa mengi, na sensa hutoa karibu volti 0.9. Lakini haiwezi kusema chochote mpaka ipate joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi. Kabla ya hapo kontroli boksi, yaani kompyuta ndogo ya injini, huendesha injini kwa jedwali lililoandikwa kiwandani, bila kumsikiliza mtu. Ndiyo maana asubuhi ya daktari ilikuwa laini.

Sasa mfikirie mpishi anayepika mchuzi bila kuonja mwenyewe. Amemweka mwonjaji pembeni, na mwonjaji huyo anajua maneno mawili tu: “imezidi” na “imepungua.” Hasemi imezidi kwa kiasi gani. Mpishi akisikia “imepungua” anatia chumvi kidogo kidogo mpaka asikie “imezidi,” kisha anaongeza maji mpaka asikie “imepungua,” na kadhalika bila kukoma. Mchuzi hautulii hata mara moja; unapita kwenye ladha sahihi ukienda, unapita tena ukirudi. Kontroli boksi ndiyo mpishi huyo, na sensa ya kawaida ya oksijeni ndiyo mwonjaji.

Mtu atauliza kwa nini wakatengeneza kitu cha kuyumba namna hiyo. Jibu liko kwenye katalisti. Katalisti inayosafisha kaboni monoksidi, mafuta yasiyoungua na oksidi za naitrojeni kwa pamoja hufanya kazi vizuri pale tu mchanganyiko unapozunguka kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli, ukivuka mpaka huo kwenda na kurudi. Kuyumba kule kumekusudiwa. Viwango vya moshi vya Ulaya vilipokazwa kwa pikipiki, hasa Euro 3 iliyoanza mwaka 2006, watengenezaji hawakuwa na nafasi kubwa ya kufanya vingine. Injini yenyewe, kwa raha yake, ingependa kilo 13 hivi.

Kwenye gari la silinda nne huwezi kuhisi kuyumba huku. Kwenye pikipiki ya silinda moja ni mambo mengine. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, inawaka mara 25 tu kwa sekunde, na mwako mmoja dhaifu unaufikia mgongo wa dereva moja kwa moja kupitia cheni. Resi ikiwa imefunguliwa kidogo tu, hewa mpya inayoingia ni haba na moshi wa zamani hubaki ndani ya silinda ukiichafua, hivyo moto unawaka polepole na hauwaki sawa kila mara. Tena moshi huo mchache unachukua muda kutoka kwenye valvu mpaka kuifikia sensa, kwa hiyo mwonjaji anatoa taarifa ya mchuzi wa jana. Mpishi anachelewa kugeuza, anazidisha, halafu anapunguza kupita kiasi. Hapo ndipo kichwa kinaponesa. BMW walipoweka plagi mbili kwenye kila silinda, kwa R 1150 za mwaka 2003 na F 650 GS za mwaka 2004, moto uliwashwa sehemu mbili kwa wakati mmoja, na mchanganyiko ulioyumba ukaweza kuungua vizuri zaidi.

Kwa hiyo njia ya mkato inaeleweka: chomoa soketi ya sensa. Mwonjaji akinyamaza, kontroli boksi nyingi hurudi kwenye jedwali la kiwandani, lile la asubuhi, na pikipiki inatulia. Ninaikubali njia hii, lakini kwanza kama kipimo. Endesha barabara ileile, mwendo uleule, soketi ikiwa imechomolewa. Kama bado inavutavuta, sensa haina kosa, irudishe na utafute kwingine. Kwenye modeli nyingine kontroli boksi hukumbuka marekebisho iliyojifunza, hivyo chomoa na betri kwa muda kabla ya kujaribu, la sivyo utahukumu kwa ushahidi wa zamani.

Na kuna mambo ya kukagua kabla ya kumnyamazisha mwonjaji, kwa sababu mara nyingi anasema kweli kuhusu ugonjwa mwingine. Mpira unaopitisha hewa kwenda kwenye kichwa cha injini ukipasuka, hewa inaingia bila kuhesabiwa. Valvu zilizobana, nozeli iliyoziba, cheni iliyolegea, waya wa resi wenye nafasi kubwa, vyote huleta mivuto inayofanana. Kwenye pikipiki ya daktari niliona mstari mweusi wa masizi, mwembamba kama uzi, pale bomba la eksozi linapoungana na kichwa cha injini. Gasketi ilikuwa imekufa. Watu hudhani tundu kama hilo linatoa moshi tu. Kati ya pumzi moja na nyingine ya eksozi linavuta pia hewa ya nje, hewa hiyo inaifikia sensa, nayo inalia “imepungua” wakati mafuta yanatosha. Kontroli boksi inamwaga mafuta ya bure.

Aliyeifungua kabla yangu alikuwa amepaka silikoni ya gasketi kwenye kiungo hicho. Hili naliona kila wiki na linaniuma, kwa sababu mafundi wetu wanafanya kwa nia njema. Mvuke wa silikoni nyingi za kawaida ni sumu kwa sensa ya oksijeni: unaacha utando juu ya kichwa chake na kuifanya ichelewe kujibu. Sensa iliyochelewa hurefusha kila myumbo. Ukiwa na mita ya umeme unaweza kuipima injini ikiwa na moto: ile nzima hurukaruka kati ya karibu 0.1 na 0.9 haraka haraka, na iliyolewa hujikokota au hubaki katikati. Wakati mwingine dawa yote ni sensa mpya, na hakuna haja ya kuchomoa kitu.

Niliweka gasketi mpya, kavu. Pikipiki ikapata nafuu ya kutosha kumfurahisha mtu asiyejali, lakini kwenye 50 bado ilikuwa na kamvuto. Sensa yenyewe ilijibu vizuri kwenye mita. Nikachomoa soketi, naye akaenda hadi Usa River. Daktari alirudi akiwa ameinua kioo cha helmeti, na sikuwa na haja ya kumuuliza.

Kuna watakaouza vijiplagi vya kuchomeka kwenye soketi, vyenye rezista ndani. Hivyo vina kazi halali: sensa nyingi zina hita, na kontroli boksi isipoiona hita huwasha taa ya hitilafu. Nunua kilichotengenezwa kwa modeli yako, usibahatishe. Vile vinavyofungwa kwenye kipimajoto cha hewa ili kuidanganya kontroli boksi kwamba kuna baridi sivipendi kwa tatizo hili. Maadamu sensa iko hai, mafuta yanayoongezwa kwa mlango huu hupunguzwa kwa mlango ule. Njia iliyo bora, na ya gharama, ni kuweka sensa ya masafa mapana pamoja na kifaa chake kinachohamisha shabaha kutoka 14.7 hadi karibu 14. Mwonjaji anabaki kazini, ila sasa anajua kuhesabu.

Kitu kimoja nakataza kabisa: kuunganisha waya wa ishara wa sensa na bodi. Kijana mmoja aliletwa kwangu na pikipiki iliyofanyiwa hivyo. Kontroli boksi ilisoma sifuri, ikaamini mafuta yamepungua daima, ikaendelea kuongeza mpaka mwisho wa uwezo wake. Plagi ilitoka nyeusi kama mkaa, oili ilinuka petroli, na bomba la katalisti lilikuwa limeiva jekundu usiku. Kuchomoa ni kumwambia mpishi kwamba mwonjaji hayupo. Kuunganisha na bodi ni kumweka mwonjaji mwongo.

Nilimweleza daktari gharama nyingine pia. Bila sensa katalisti haifanyi kazi yake sawasawa, na moshi wake sasa ni mchafu zaidi kwa wanaotembea kandokando ya barabara. Angekuwa Ujerumani, ambako pikipiki hupimwa moshi, huenda ingemkwamisha. Pikipiki mpya za Euro 5, kuanzia 2020, hujichunguza zenyewe na kuandika kosa kwenye kumbukumbu. Matumizi ya mafuta nayo yangepanda kidogo. Baada ya mwezi aliniambia lita iliyokuwa ikimpeleka kilomita 25 sasa inampeleka 23. Aliyapima hayo na kuamua, kwa kuwa siku nzima yuko kwenye vibao vya 50 kutoka boma hadi boma.

Sensa tuliiacha mahali pake ili tundu lisibaki wazi. Soketi zote mbili nilizifunika kwa mpira dhidi ya vumbi na maji, nikazifunga kwenye fremu mbali na joto la bomba. Baada ya kilomita 500 nilitoa plagi: rangi ya kahawia nyepesi, kavu. Kisha chini ya kiti nikabandika kipande cha utepe mweupe na kuandika kwa kalamu ya wino mzito tarehe na maneno haya: “Sensa ya oksijeni nzima. Imechomolewa kwa makusudi. Ukitaka kuirudisha, chomeka tu.”