Mapato ya mhariri: Usitazame cheo, tazama mkataba

Kila mwaka vyuo vikuu vyetu huwafuzisha vijana waliosomea uanahabari na Kiswahili, na miongoni mwao wamo wanaotamani kuwa wahariri. Swali lao la kwanza huwa lile lile: mhariri hulipwa pesa ngapi?

Swali hilo ni la haki, ila halina jibu moja. Nchini Kenya, jina 'mhariri' hubeba watu wa hali mbalimbali. Yupo mhariri mkuu, mwenye usemi wa mwisho kuhusu ukurasa wa kwanza. Yupo mhariri msanifu, anayesahihisha nakala, kuhakiki majina na tarakimu na kuandika vichwa vya habari hadi usiku gazeti linapopelekwa mtamboni. Katika uchapishaji wa vitabu, yupo aliyeajiriwa na yupo wa kujitegemea, anayelipwa kwa ukurasa au kwa mswada.

Kinachotofautisha mapato yao si cheo pekee, bali pia namna ya kulipwa.

Aliyeajiriwa hupata mshahara wa kila mwezi na likizo yenye malipo. Hata hivyo, mshahara ulioandikwa kwenye barua si ule unaofika benki. Kwa mfano, katika kila Sh100,000, bima ya afya ya jamii huchukua asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba asilimia 1.5. Hizo ni Sh4,250, kabla ya kodi ya mapato na makato ya NSSF.

Wa kujitegemea ana hesabu nyingine. Tuchukue mfano wa mswada wa kurasa 200, kwa makubaliano ya Sh150 kila ukurasa. Jumla ni Sh30,000. Mchapishaji hukata asilimia 5 na kuiwasilisha kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA, hivyo mhariri hupokea Sh28,500. Kazi ikimalizika kwa wiki tatu, malipo yana maana. Lakini mwandishi akiurudisha mswada mara mbili ukiwa umebadilika, wiki tatu hugeuka miezi miwili, ilhali malipo ni yale yale. Isitoshe, hakuna anayemlipia likizo wala siku za ugonjwa.

Aidha, kazi ya vitabu vya shule huja kwa misimu. Wachapishaji huhitaji wahariri wengi pale Taasisi ya Ustawishaji Mitaala, KICD, inapoitisha miswada ya kutathminiwa. Msimu ukipita, simu hunyamaza. Na kitabu kikipata soko kwa miaka 20, mwandishi mwenye mkataba wa mrabaha ataendelea kupata fungu lake. Mhariri aliyelipwa mara moja, kwake shughuli imekwisha.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 huagiza mkataba wa ajira wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Pia humtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya mshahara na makato yake. Kwa anayejitegemea, ngao kuu ni mkataba wenyewe. Kabla ya kutia sahihi, sharti aulize: ukurasa mmoja una maneno mangapi? Nitasoma prufu mara ngapi? Masahihisho ya ziada yatalipwa vipi? Nitalipwa mswada ukikabidhiwa, au kitabu kikiidhinishwa?

Swali hilo la mwisho ni zito kuliko yote, kwa maana uamuzi wa KICD hauko mikononi mwa mhariri.

Rahisi ni ghali. Mhariri anayelipwa kiduchu hulazimika kushika miswada minne kwa wakati mmoja, na jicho lililochoka huacha makosa yapite. Makosa hayo hayaishii mezani pake. Humfuata mwanafunzi darasani, naye huyakariri akidhani ndiyo Kiswahili sanifu.