Fahamu: Redio ilipogeuka darasa Rubavu

Rwanda ilifunga shule Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yakahamia Radio Rwanda: vipindi vya takriban dakika 20. Shida ni kwamba redio haisahihishi daftari. Mzazi wa wilaya ya Rubavu anayeamkia shamba la viazi hana muda wa kulisahihisha, na betri nazo hununuliwa. Hapo ndipo mwanafunzi wa sekondari au chuo, naye karudishwa nyumbani, alipofaa: kumkalisha mdogo wake na watoto wa jirani, kurudia hesabu iliyopita mbio hewani. Vijana wa kujitolea wenye vizibao walionekana zaidi masokoni wakisimamia unawaji mikono; kwa maoni yangu, baadhi yao wangepelekwa kusahihisha madaftari. Shule zilianza kufunguliwa kwa awamu Novemba 2020.