Saini Inabishaniwa, Halisi Iko Wapi?

Mpelekee mchunguzi wa nyaraka fotokopi ya mkataba, naye atakuuliza kwanza halisi iko wapi. Ukikosa jibu, umeshadhoofisha madai yako kabla hajawasha taa.

Wateja wake ni wa kila aina: benki yenye hundi inayokanwa na mwenye akaunti, kampuni ya bima, ndugu wanaogombea wosia, mnunuzi wa kiwanja aliyeuziwa kwa hati ya kughushi. Nchini Kenya, kesi za jinai huenda kwa wachunguzi wa Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI). Mashauri ya madai huwapa kazi pia wachunguzi binafsi, baadhi yao wastaafu wa polisi.

Saini ya kweli huandikwa mbio. Kalamu hugusa karatasi ikiwa tayari inatembea, huinuka kabla haijasimama, na ncha za mistari hutoka nyembamba. Anayeiga huandika polepole, jicho likiwa kwenye kielelezo. Chini ya hadubini mstari wake unatetemeka, ncha ni butu, na kalamu imetua mahali ambapo mwenye saini hatui kamwe. Saini mbili zinazolingana kabisa nazo humtia mchunguzi shaka, kwa kuwa hakuna mtu anayesaini mara mbili sawasawa. Huenda moja imefuatishwa juu ya nyingine. Kisha wino. Sufuri iliyoongezwa ili 7,000 iwe 70,000 yaweza kuwa nyeusi kama wenzake, lakini chini ya mwanga wa infraredi wino mmoja hufifia na mwingine ukabaki. Hata karatasi iliyokuwa chini wakati wa kuandika hubeba alama za mkandamizo zinazoweza kusomwa.

Fotokopi hufuta karibu yote hayo. Benki za Kenya hupitishiana picha za hundi tangu 2011, kwa hiyo anayekana hundi aidai karatasi yenyewe mapema, kabla muda wa kuihifadhi haujaisha.

Vielelezo vya kulinganishia navyo ni nusu ya kazi. Mwaka 1983 jarida la Stern la Ujerumani lilikuwa limelipa zaidi ya marki milioni 9 kwa shajara zilizodaiwa kuwa za Hitler. Wataalamu wa mwandiko walizipitisha, kumbe baadhi ya vielelezo walivyopewa vilikuwa vya mghushi yuleyule, Konrad Kujau. Maabara ya serikali ndiyo iliyomaliza ubishi: karatasi ilikuwa na kemikali ya kung'arisha ambayo haikutumika enzi za Hitler.

Mahakamani, ripoti ya mtaalamu ni maoni, nayo hayamfungi hakimu. Naona ni haki iwe hivyo, maana wataalamu wawili wanaweza kutofautiana kuhusu saini moja.

Mara nyingine hadubini haihitajiki kabisa. Mwaka 2017 Tanzania ilibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, kwa kulinganisha vyeti na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Mnunuzi wa ardhi naye aanzie kwenye masjala ya ardhi kabla ya kutoa fedha. Ni nafuu kuliko kesi.

Ukiwa na mkataba unaobishaniwa, usiutoboe, usiulamineti, wala usiandike kwenye karatasi iliyo juu yake. Utie kwenye bahasha, kusanya saini za kawaida za mhusika za miaka ileile, kisha mpelekee mchunguzi vyote pamoja.