Umenunua Mdomo, Masikio Je?

Swali limerudi wiki jana, safari hii kutoka ghorofa ya juu kabisa ya jengo moja hapa Kitengela: "Mwalimu, nikinunua ampu ya wati 50 nitafika Kajiado?"

Nikamuuliza, wewe unamsikia mtu wa Kajiado?

"Hapana. Ndiyo maana nataka ampu."

Basi pesa yako iweke. Ampilifaya ya VHF hukuza kinachotoka redioni. Kinachoingia, kwa kawaida hukipitisha kama kilivyokuja. Kilichotuponza ni neno busta. Nyumbani, busta ni kile kijisanduku cha antena ya televisheni, na kazi yake ni kupokea. Muuzaji akikuambia hii nayo ni "busta ya redio", unarudi na matatu ukidhani umebeba masikio, kumbe umebeba mdomo. Utakuwa kiboko: kinywa kile, masikio yale. Wa Kajiado wakikujibu, hutajua kama wamejibu.

Na mdomo wenyewe haukui kama unavyodhani. Kutoka wati 5 hadi 50 ni desibeli 10. Kwenye mita ya redio ya mwenzako kila alama huhesabiwa desibeli 6, kwa hiyo umezidisha nguvu mara kumi na hata alama mbili hujapanda. Hili halipendwi, hasa na aliyekwisha kulipa.

Kizuizi chenyewe ni ardhi. Kitengela hadi Kajiado ni kama kilomita 46 kwa mstari ulionyooka. Hata uwanda huu ungekuwa tambarare kama meza, mviringo wa dunia ungeinuka takriban mita 30 katikati ya njia, na mawimbi ya mita 2 hujipinda kidogo tu. Antena mbili zilizo mita 9 juu ya ardhi huonana hadi kilomita 25 hivi. Mchungaji wa Isinya aliyepotelewa na ng'ombe hakai akitumbua macho, hupanda kichuguu.

Nilikwenda kwa huyo bwana wa ghorofani. Antena ya sumaku ilikuwa imeketi juu ya sufuria iliyofudikizwa, nyuma ya grili ya dirisha. Kebo ilikuwa RG-58 nyembamba, mita 20, nyingi zikiwa zimeviringishwa nyuma ya kochi. Kwa 145 MHz urefu huo hula karibu desibeli 4: wati 5 zinafika kwenye antena zikiwa mbili, na sauti za watu zinaliwa vivyo hivyo zikiingia. Tukakata kebo zikabaki mita 6, antena tukaipandisha paani kando ya tangi la maji. Redio ni ileile. Ripita ambayo hakuwahi kuisikia ikaanza kuongea sebuleni, mkewe akatoka jikoni kuuliza ni nani aliyeingia.

Akaniuliza kama sasa aongeze ampu.

Haya, kwa haraka. Ukiisikia ripita vizuri nayo haikusikii, hapo ampu ina hoja. Soma kiwango cha kuingiza: ya wati 5 ukiilisha 25 utanusa harufu ya transista. Ya wati 50 hunywa kama ampea 10 kwa volti 13.8, kwa hiyo waya mnene na fyuzi karibu na betri. Tundu la sigara la gari liache. Pima SWR kwanza. Isiyo na kichujio usiiguse, maana inatapakaza uchafu kwenye 290 na 435 MHz, na ampu mbovu inaweza kumwagikia hata bendi ya ndege, 118 hadi 137, na uwanja wa ndege wa JKIA ni jirani yetu. Leseni yako ya Mamlaka ya Mawasiliano ina kikomo cha nguvu, isome. Antena ya wati 50 haikai kichwani pa kitanda. Au badala ya ampu, jenga antena ya yagi ya vipande vitano kwa mabomba ya alumini: karibu mara tano ya daipoli, kutuma na kupokea. Wanaorusha mawimbi hadi mwezini wanahitaji mamia ya wati kweli, lakini hao hawaniulizi.

Na kama haja ni Kajiado Jumapili moja tu, panda milima ya Ngong na redio ya mkononi. Kilele kinakaribia mita 2,460, zaidi ya mita 800 juu ya Kitengela, na upeo wa redio kutoka huko unapita kilomita 100. Getini kuna ada. Beba maji, na kofia, upepo wa kule usikudanganye.