Ukitoa feza AVEC mapema, unaacha faida nyuma

Mtoto wa sekondari amerudishwa nyumbani juu ya minervali, na wazo linakuja: "Nijitoe kwenye AVEC, wanirudishie feza zangu zote." Ngoja kwanza, tuhesabu pamoja.

Tuseme umenunua hisa 100 za franka 1.000. Umeweka franka 100.000. Siku ya kugawana, kama hisa moja imefikia franka 1.200, utapokea 120.000. Ukijitoa katikati ya mzunguko, AVEC nyingi zinakurudishia 100.000 yako tu. Zile 20.000 zinabaki kwa wenzako.

Njia nyingine ni kukopa. Ukikopa 40.000 kwa miezi 2, riba ikiwa 5 kwa mia kila mwezi, utalipa riba ya 4.000. Hisa zako hazikuguswa, na riba ile inaingia katika kisanduku chenu wote. Kama ni ugonjwa au kilio, uliza kwanza mfuko wa mshikamano.

Lakini hapa Masisi vita inaweza kutukimbiza usiku mmoja. Kwa hiyo kila kundi liandike sasa katika kanuni zake: tukihama ghafla, feza zitagawanywa namna gani, na nani atashika kitabu cha hesabu? Wakati wa kukimbia, hakuna anayehesabu vizuri.