Dionne Brand: Malenga aliyemuuliza babu yake 'sisi ni nani?'

Ukiulizwa kwenu ni wapi, pengine hukawii. Unataja ushago, kabila, hata ukoo ukibanwa. Sasa fikiria umemuuliza babu yako swali hilo, naye hakumbuki.

Ndiyo yaliyomkuta Dionne Brand, malenga na mwandishi wa riwaya wa Kanada. Akiwa na miaka 13 huko Trinidad, alimsumbua babu yake amwambie walitoka kwa watu gani Afrika. Akamtajia Wayoruba, Waigbo, Waashanti. Mzee akakataa yote. Alisema jina lenyewe angelisikia angelijua, lakini halikumjia. Utumwa ulikuwa umelifuta. Stori hiyo utaipata katika kitabu chake A Map to the Door of No Return cha 2001.

Brand alizaliwa mwaka 1953 katika kijiji cha Guayaguayare. Mwaka 1970 alihamia Toronto, akasoma Chuo Kikuu cha Toronto na kuhitimu 1975. Diwani yake ya kwanza ilitoka 1978.

Usidhani alijifungia chumbani na kalamu. Mwaka 1983 alienda kufanya kazi Grenada, kisiwa kilichokuwa chini ya serikali ya mapinduzi. Jeshi la Marekani lilipovamia Oktoba mwaka huo, alikuwa huko huko. Aliyoyaona yakazaa diwani nyingine.

Tuzo zilikuja baadaye: ile ya Gavana Mkuu wa Kanada 1997, kisha ya Griffin 2011. Katikati, mwaka 2009, jiji la Toronto lilimteua kuwa malenga wake rasmi. Msichana wa kijijini akawa sauti ya jiji!

Ukitaka kuanza kumsoma, anza na riwaya What We All Long For ya 2005. Ni ya marafiki wanne Toronto, watoto wa mji ambao wazazi wao wametoka kwingine. Kuna Carla anayepeleka mizigo kwa baiskeli, na Oku, malenga aliyeacha chuo bila wazazi kujua. Mimi pia niliacha chuo, kwa hivyo Oku tunaelewana sana.

Wazazi wao wanalilia kwao walikotoka. Wao hawana kwao kwingine ila hizo barabara. Kama umezaliwa mtaani na ushago unaujua wa Krismasi tu, msee, hapo utajiona.